Semina ya uongozi kwa mabosi wa maofisini, Dar: nyota tatu

Naona watu wanaulizia ile semina ya siku mbili inayofanyika hotelini pale Posta, kama inafaa kwa ofisi zetu hizi za watu wa ripoti na kompyuta. Inafaa nusu. Waandaaji siwataji maana nina ya kuwalalamikia, ila maafisa utumishi wengi wanawajua.

Siku ya kwanza ni motivesheni tupu, mara simameni, mara mgeukie jirani mwambie wewe ni simba, jamani watu wazima tena tuna madigrii yetu! Mkufunzi akamgusia Peter Drucker, yule mwandishi wa mambo ya uongozi ambaye toka 1959 alishaandika habari za wafanyakazi wa maarifa, yaani wanaofanya kazi kwa kichwa siyo kwa mikono, kwamba mtu wa hivyo mara nyingi anaijua kazi yake kuliko bosi wake kwahiyo huwezi kumsimamia kama kibarua wa kupakia mizigo. Sasa hapo ndo palikuwa pa kukaa asubuhi nzima, yeye kapita chap akarudi kwenye simba wake.

Siku ya pili akaja mkufunzi mwingine, mama mmoja, hana slaidi hata moja, ndo nikaona hela yangu imeenda wapi. Alitueleza utafiti wa Adam Grant wa 2007 huko Marekani, vijana wanapiga simu kuchangisha hela za chuo, wakakutanishwa dakika chache tu na mwanafunzi aliyesomeshwa na hela hizo, mwezi mmoja baadaye muda wao kwenye simu na hela walizoleta vyote vimezidi mara mbili, na mshahara haukuguswa. Halafu akatuambia kila mtu aandike nani anatumia kazi ya watu walio chini yake. Jamaa wa bima akaandika "mteja", akaulizwa mteja yupi, akabaki anacheka mwenyewe. Mama akatutajia na Amy Edmondson, mtafiti aliyekuta timu nzuri za hospitali ndo zinaonekana na makosa mengi ya dawa, kumbe zinathubutu kuyasema. Kwetu kosa likitokea kwenye ripoti, kila mtu alikuwa likizo.

Nilichompendea zaidi, mtu aliuliza mishahara inayochelewa inakuwaje, mama akajibu wazi kwamba kama hulipi kwa wakati usiwahubirie watu maana ya kazi.

Kasoro sasa: huyo mama kakatishwa katikati eti ni muda wa vyeti na picha, na baada ya hapo hakuna anayekutafuta kujua umefanyia nini uliyojifunza. Bei kubwa mno kwa siku moja yenye faida. Pilau safi lakini.

Mkiweza waombeni siku ya pili peke yake, na aende bosi mkubwa mwenyewe, msimtume afisa utumishi, akirudi nayo ofisini hana mamlaka ya kubadilisha chochote.