Uzoefu wangu: sanduku la diski, adapta iliyokufa, na picha zilizofunguliwa bila ruhusa

Nilipoingia dukani kulichukua sanduku langu, picha ya bibi harusi wa Langoni, mtaa wa hapa Lamu, ilikuwa imejaa kwenye skrini ya kompyuta ya kaunta, uso wake wazi, nywele zake wazi, mikono yake ina hina mpaka viwikoni, na nyuma yangu walikuwa wamesimama wateja wawili wanaume wakingoja zamu yao. Picha ile niliipiga mimi. Niliipiga katika ukumbi wa wanawake, usiku wa kupamba, mahali ambapo simu zote hukusanywa mlangoni na kamera inayoruhusiwa kuingia ni moja tu, kwa sababu mama wa bibi harusi ananijua mimi, na alimjua mama yangu. Ndiyo maana maelezo haya kuhusu sanduku la kuhifadhia diski hayataanza na uwezo wake wala bei yake, mambo ambayo kila mtu anaweza kuyasoma kwenye boksi lake.

Mimi ni mpiga picha wa harusi hapa Lamu, na kazi yangu kubwa ni ya upande wa wanawake. Kwa miaka mingi nilizihifadhi kazi zangu katika diski ndogo za nje, moja kwa kila msimu, zikiwa zimefungwa kabatini ndani ya vifuko vya plastiki. Msimu mmoja nilichomeka diski ya harusi tatu, ikaanza kugonga kwa ndani kama saa mbovu, na sikuona tena hata faili moja. Kupandisha picha kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni, sikutaka, kwani niliwaahidi watu wangu kwamba picha hazitatoka nyumbani kwangu isipokuwa mikononi mwao. Nikaamua kununua sanduku la mtandao lenye nafasi ya diski mbili, ambapo kila picha huandikwa katika diski zote mbili kwa wakati mmoja, ili moja ikifa nyingine ibaki. Wanunuzi wengi hushangaa kwamba diski mbili za terabaiti 4 zikipangwa hivyo hutoa nafasi ya terabaiti 4, si 8. Mimi sikushangaa, nafasi iliyopotea ndiyo bei ya usingizi wangu.

Nililinunua Mombasa, katika duka ambalo sitalitaja jina, na kijana wa duka ndiye aliyelipanga kila kitu kabla ya kunikabidhi. Sikumwomba alipange. Alisema ni huduma kwa mteja, nikashukuru.

Kwa zaidi ya mwaka mmoja sanduku lile lilinifurahisha kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua, na sitalinyima haki yake hata leo nikiwa na hasira. Niliunganisha kebo kutoka kwenye ruta, binti wa dada yangu akahariri picha chumba cha juu huku mimi nikipanga albamu chumba cha chini, sote tukitumia folda zile zile, bila kubebeana diski ngazini. Umeme ulipokatika, nao hukatika, UPS, ile betri ya akiba, ililipatia sanduku muda wa kujizima taratibu. Hewa yetu ya chumvi niliihofia sana, kwa kuwa wakati wa kusi hata bawaba za milango huota kutu, lakini nililiweka mbali na dirisha linalotazama baharini na nikalifuta vumbi la feni kila baada ya wiki chache. Wakati huo ningeandika sifa tupu.

Kisha, katika msimu wa harusi baada ya Ramadhani, likakataa kuwaka. Au niseme liliwaka na kufa: taa ziliangaza, diski zikaanza kuzunguka, na kabla sijahesabu mpaka kumi kila kitu kikazima, kisha likajaribu tena lenyewe na kuzima tena. Niliwapigia wale wa dukani. Niliuliza kama ninaweza kuzitoa diski na kuwapelekea sanduku tupu, nikajibiwa kwamba hapana, lazima liletwe lilivyo, na kwamba nikizitoa diski mwenyewe waranti itavunjika. Nataka maneno hayo yasomwe mara mbili, kwa sababu si kweli. Masanduku ya aina hii yametengenezwa ili mwenyewe atoe na kutia diski, na langu halihitaji hata bisibisi. Lakini nilikuwa na harusi nne mkononi, nilikuwa na hofu, na niliyemwuliza alizungumza kwa sauti ya mtu anayejua.

Nililifunga kwa kanga mbili, nikavuka kwa boti mpaka Mokowe, nikalipakata ndani ya basi kupitia Witu, Garsen na Malindi mpaka Mombasa, siku nzima, bila kuliweka kwenye buti kwa sababu ya matuta ya njia. Walinipa risiti na kuniambia nirudi baada ya siku mbili. Niliporudi ndipo nilipoikuta picha ile kwenye skrini.

Nilimwambia kijana wa kaunta, "Kaka, zifunge hizo picha." Hakuzifunga. Alisema, "Mama, tulia, nilikuwa nahakikisha tu kama data yako ipo." Nikamwambia kwamba kuhakikisha kama data ipo hakuhitaji kufungua picha moja baada ya nyingine, na kwamba hao ni wanawake walionipa amana. Akacheka, akamtazama mwenzake, akasema, "Kwani kuna nini? Ni harusi tu, si picha mbaya." Mmoja wa wale wateja wanaume ndiye aliyegeuka na kutazama barabarani kwa heshima, nilimshukuru kimoyomoyo, kwani alielewa bila kuambiwa kile ambacho mtu aliyelipwa kuelewa hakukielewa. Nilizunguka kaunta na kuizima skrini kwa mkono wangu.

Baada ya hapo nilielezwa kwamba bodi ya sanduku imeliwa na chumvi, kwamba waranti haihusu uharibifu wa chumvi, kwamba watu wa Lamu huwa tunavileta vifaa vikiwa vimeoza, na kwamba afadhali ninunue sanduku jipya, lenye nafasi nne. Nikalipishwa ada ya uchunguzi. Nililipa ili niondoke na diski zangu, na fedha hizo zinaniuma mpaka leo kuliko bei ya sanduku zima.

Hapa Langoni kuna fundi wa redio na simu ambaye duka lake halifiki hatua nne kwa upana. Nilipomweleza kwamba sanduku linawaka na kuzima, kabla hata ya kuliona, alisema, "Dada, kwanza zitoe diski zako wewe mwenyewe, uziache nyumbani, kisha uniletee sanduku tupu." Hakujua yaliyonipata Mombasa. Aliipima adapta kwa mita, ikasoma volti 12 sawasawa. Kisha akaiwekea mzigo, na volti zikaporomoka. Akanieleza kwamba diski hunyonya umeme mwingi zaidi pale zinapoanza kuzunguka, kwa hiyo adapta iliyochoka huweza kuwasha taa lakini ikashindwa kuzisukuma diski mbili kwa pamoja, na sanduku huzima. Akaifungua bodi mbele yangu. Ilikuwa safi. Adapta mpya yenye volti zile zile na ampea zisizopungua za mwanzo ilifika kwa basi baada ya siku chache, na sanduku likawaka kama lilivyowaka siku ya kwanza.

Sasa fikiria nilivyofikiri mimi usiku ule. Dukani walizifungua diski zangu kwa kuzichomeka kwenye sanduku lao la maonyesho la aina ile ile, maana langu halikuwaka, na hiyo ndiyo njia rahisi ya kuziona picha. Sanduku lile la maonyesho lilikuwa na adapta yake nzima, juu ya meza ile ile. Kuichomoa na kuijaribu kwenye langu kungechukua muda mfupi kuliko kuifungua folda moja ya harusi. Hawakuwa na muda wa adapta. Walikuwa na muda wa kutazama.

Kwa muda fulani hasira yangu ilihamia kwa sanduku lenyewe. Kwa nini diski zangu zilifunguka kirahisi namna ile? Jibu ni kwamba nilipouziwa, kijana wa duka alizipanga bila usimbaji fiche, yaani bila kuifunga data kwa neno la siri, ingawa sanduku lina uwezo huo, na hakuniuliza. Katika masanduku mengi usimbaji fiche wa nafasi nzima huamuliwa mwanzoni kabisa, wakati nafasi ya kuhifadhia inapoundwa. Ukitaka kubadili baadaye, huna budi kuhamisha kila kitu mahali pengine, kufuta na kuanza upya. Mtu anayeuza sanduku la kuhifadhia kazi za watu na asiulize swali hilo moja hakuuza sanduku, ameuza kabati lisilo na kufuli. Nami pia nilipaswa kuuliza, na hilo halinipunguzii uchungu.

Lakini nilipotaka kuandika kwamba sanduku lile halifai, nilijikuta siwezi. Kitu kile kile kilichowawezesha wao kuzisoma diski zangu ndicho ambacho kingeniokoa kama sanduku lingekufa kweli. Masanduku mengi ya kampuni za Synology na QNAP yanatumia ndani yake mifumo inayojulikana ya Linux, programu endeshi iliyo wazi kwa wote, na diski zilizonakiliana zinaweza kusomwa na kompyuta ya Linux mikononi mwa mtu mwenye ujuzi, bila sanduku. Linganisha na Drobo, sanduku la Marekani, iliyopanga data kwa namna yake yenyewe, hata diski zake zikawa hazisomeki ila ndani ya Drobo nyingine. Kampuni iliyokuwa ikiimiliki iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwaka 2022, na mwaka 2023 ikaingia katika kufilisiwa kabisa. Mwenye Drobo iliyokufa leo hutafuta nyingine kuukuu na kuomba Mungu. Kwa hiyo sitaki sanduku lisilofunguka. Nataka linalofunguka kwa neno la siri langu mimi.

Na neno hilo lina gharama yake kwa watu wa hapa. Baadhi ya masanduku hukupa nafasi ya kuuhifadhi ufunguo ndani ya sanduku lenyewe ili lijifungue kila linapowaka, jambo linalopendeza pale umeme unapokatika mara mbili kwa siku. Usikubali. Sanduku zima likienda kwa fundi, au kwa mwizi, ufunguo umekwenda nalo. Mimi nililifuta na kulianza upya kwa diski ya nje niliyoazima, na sasa kila umeme unaporudi ninaandika neno la siri kwa mkono, hata saa nane za usiku kama kuna kazi ya asubuhi. Nakala ya tatu ya kila harusi iko kwa dada yangu katika kijiji cha Shela, nayo imefungwa vivyo hivyo, kwa sababu diski mbili zinazonakiliana si nakala rudufu: faili ukiifuta kwa makosa, inafutika kote kuwili papo hapo.

Baada ya kutuliza kazi, nilifanya jambo gumu kuliko yote. Nilikwenda nyumba kwa nyumba, kwa kila bibi harusi ambaye folda yake ilikuwa ndani ya sanduku, nikawaambia. Wengine walinipa pole. Mmoja alilia. Mama mmoja wa mtaa wa Mkomani alinisikiliza mpaka mwisho, akaninywesha kahawa, kisha akaniambia, "Mwanangu, zifute za kwangu, nami nikiona." Nikamletea laptopu, nikazifuta mbele yake, na jioni nikaenda Shela kuifuta nakala ya tatu akiwa amefuatana nami. Picha zile zilikuwa nzuri kuliko zote nilizopiga mwaka huo.

Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na tuna Kamishna wa kupelekewa malalamiko. Yangu nimeyaandika, pamoja na risiti ya ile ada. Nilipowapigia tena wale wa dukani kuwaambia kwamba tatizo lilikuwa adapta, nilijibiwa kwamba ada ya uchunguzi hairudishwi.

Kwa anayechagua sasa: sanduku langu ningelinunua tena, lenye nafasi mbili, jipya ndani ya boksi, bila mtu kulipanga kwa niaba yangu, na ningelinunua pamoja na adapta ya pili. Niliandika sentensi hiyo jana nikaiona inatosha. Leo mchana nimepita Mkomani, yule mama alikuwa barazani, amenijibu salamu vizuri kama kawaida yake, na harusi ya binti yake mdogo iliyo karibu hakuitaja.