Nyota tatu Deira: hoteli ya anayefuata mzigo Dubai

Anayekwenda Dubai kuchukua mzigo hana haja ya kulala Downtown, chini ya Burj Khalifa. Mimi hufikia Deira, hoteli ya nyota tatu mtaa wa nyuma ya Baniyas Square, na safari hii nililipa dirhamu 190 kwa usiku, kifungua kinywa kikiwemo. Mapokezi utadaiwa pia Tourism Dirham, tozo ya serikali kwa kila chumba kila usiku, dirhamu 7 hadi 20 kulingana na nyota. Mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona mtandaoni, kwa hiyo iulizie mapema.

Chumba ni kidogo lakini kisafi, maji ya moto hayakatiki, kiyoyozi hakipigi kelele. Kilichonifurahisha hasa ni mizani ya kupimia mabegi pale mapokezi, na stoo ya kuwekea mizigo bure hata ukishakabidhi chumba. Kwa sisi tunaoondoka na ndege ya usiku, hilo ni jambo kubwa mno! Lifti ni moja tu, asubuhi foleni inachosha.

Kutoka uwanja wa ndege panda Metro ya mstari mwekundu hadi Union, badili uingie wa kijani, kituo kimoja umefika. Soko la dhahabu unakwenda kwa miguu, na abra, boti ndogo ya kuvukia ng'ambo ya Bur Dubai, ni dirhamu 1. Kama ratiba inaruhusu, nendeni Juni hadi Agosti: joto ni kali, ila bei za vyumba hushuka.