Ugiriki: magofu na visiwa, wapi panalipa na wapi unaweza kuruka

Nianze na jibu kabisa maana najua wengine hamna muda wa kusoma yote. Ukipata nafasi ya kwenda Ugiriki na hela yako ni ya kubana, gawa safari sehemu mbili tu, Athens kwanza halafu kisiwa cha Naxos, na ukiwa Naxos hakikisha unafika Delos, kisiwa kidogo cha magofu. Kisiwa cha Santorini unaweza ukaiacha na usipungukiwe kitu. Najua hapo kuna watu washaanza kununa, lakini nisikilizeni kwanza.

Mimi ni mtu wa Tanga, kwa sasa naishi Ujerumani, nilienda na mume wangu na wifi yangu. Kwetu Mgiriki si mtu mgeni, wazee waliofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge wanawakumbuka masetla wa Kigiriki na babu yangu alikuwa anawataja sana, kwa hiyo hamu ya kuiona nchi yao nilikuwa nayo toka mdogo. Viza ni Schengen ya kawaida, ukiwa na kibali cha kuishi nchi nyingine ya Schengen kama sisi huhitaji nyingine, unapanda tu ndege.

Athens watu wengi wanalala usiku mmoja wanakimbilia visiwani, wanasema mji mchafu, kelele nyingi. Kelele zipo kweli, na kuta zimechorwachorwa kila mahali, ila jamani mji una vitu! Akropoli, kile kilima chenye hekalu la Parthenon, sasa hivi kiingilio ni euro 30 na lazima uchague saa ya kuingia wakati unakata tiketi mtandaoni. Chagua ile ya kwanza kabisa, saa mbili asubuhi, kwa sababu mbili: makundi ya watu wa meli za kitalii hayajafika, na jua halijakasirika. Kiangazi joto likizidi huwa wanafunga kabisa saa za mchana, na pale juu kivuli hakuna. Vaa raba zenye soli nzuri, yale mawe ya marumaru yamekanyagwa na watu miaka na miaka mpaka yanateleza kama sabuni, nimeona mama mmoja na viatu vyake vya kisigino anashuka kwa kukaa chini.

Parthenon yenyewe walianza kuijenga mwaka 447 KK, na haikubomoka kwa uzee tu kama nilivyokuwa nadhani, mwaka 1687 Waturuki walikuwa wameweka baruti ndani, Wavenisi, watu wa Venice huko Italia, wakapiga mzinga, ikalipuka. Yaani jengo lilisimama zaidi ya miaka 2,000 likaja kuharibika kwa siku moja ya vita.

Sasa ukishuka usiende hotelini kulala, nenda kwenye jumba la makumbusho la Akropoli pale pale chini. Tiketi yake ni ya peke yake lakini toa tu hiyo hela. Sakafu ya kuingilia ni kioo, unatembea huku unaona mitaa na nyumba za kale chini ya miguu yako. Halafu kuna wale wanawake wa mawe waliokuwa wamebeba dari la hekalu kichwani, walikuwa sita, watano wapo hapa na mmoja yupo London tangu Lord Elgin, balozi wa Uingereza, achukue vitu vyao miaka ya 1800 mwanzoni, na Wagiriki wamemwachia nafasi yake wazi kabisa, mnapita mnaiona. Kwa kuwa pale unaweza kuwazunguka, wifi yangu ambaye ni msusi akaenda kusimama nyuma yao na hakuondoka. Nywele zimesukwa! Kuna msuko mnene umeshuka mgongoni ule wa mkia wa samaki, kuna mingine imezungushwa kichwani, na mbele wameachia ile mirefu ya kuning'inia begani. Akawa anatuonyesha mmoja mmoja, huyu ameanzia hapa, huyu amegawa vile, na kweli hakuna wawili waliofanana. Watu wengi wanawapiga picha kwa mbele wanaondoka. Nyie nendeni nyuma.

Jioni panda kilima cha Filopappou, bure, unaiona Akropoli yote hadi bahari ya Piraeus. Na kama safari yako ni kati ya Novemba na Machi, Jumapili ya kwanza ya mwezi magofu ya serikali yanakuwa bure. Delphi, magofu mengine ya kule milimani, pia tulienda na basi la KTEL, ni masaa kama matatu kwenda, milima mizuri sana na pale juu panatuliza, lakini kwenda na kurudi siku moja unachoka, bora ulale huko.

Chakula nisichoke kusema: bei nafuu na kinashibisha. Ila Waislamu wenzangu kuweni makini na gyros, ile nyama ya kuchoma inayofungwa kwenye mkate, mara nyingi ni nguruwe, ulizia ya kuku, sema kotopoulo watakuelewa. Msikiti rasmi Athens upo, ulifunguliwa 2020 eneo la Votanikos, kwa hiyo msiwe na wasiwasi wa Ijumaa.

Kwenda visiwani metro ya bluu inakutoa uwanja wa ndege mpaka bandari ya Piraeus bila kubadilisha. Hapo kuna boti za kasi na kuna meli kubwa za polepole zinazobeba na malori. Ushauri wangu chukua kubwa. Kwenda Naxos inachukua masaa matano na kitu lakini bei ni ndogo, unakaa juu deki unaona visiwa vinapita, na bahari ikichafuka meli kubwa haiyumbi sana. Kiangazi, hasa Julai na Agosti, kuna upepo unaitwa meltemi unavuma kutoka kaskazini, ukichachamaa boti za kasi zinaanza kuahirishwa. Sisi boti yetu ya kwenda Santorini ilifutwa, kampuni siitaji, ila ujumbe walituma tukiwa tumeshafika gatini na mabegi, na dirishani hakuna hata mtu wa kutueleza lolote. Watu wenye ndege usiku ule walikuwa wanalia kabisa.

Naxos ndo kisiwa nilichokipenda. Ukiingia bandarini tu unakutana na Portara, mlango mkubwa wa marumaru umesimama peke yake kwenye kisiwa kidogo, ni hekalu la Apollo, mmoja wa miungu yao ya kale, lililoanza kujengwa karne ya 6 KK halikumalizika. Hakuna geti wala kiingilio, watoto wa pale wanaruka kuogelea pembeni yake. Upande wa kaskazini kijiji cha Apollonas kuna sanamu ya zaidi ya mita 10 imelala machimboni mpaka leo, walichonga hawakuimaliza wakaiacha hapo hapo kwenye mwamba. Ni kisiwa cha wakulima, viazi vyao vinasifika Ugiriki nzima, jibini yao ya graviera pia, na pweza wanaanikwa juani kwenye kamba mbele ya migahawa halafu anachomwa. Mimi nimekulia pweza wa nazi na sikutegemea kumkubali pweza wa mafuta ya zeituni na siki, lakini nimemkubali, laini sana.

Delos sasa. Kiangazi kuna boti za utalii kutoka Naxos, vinginevyo unapitia Mykonos. Ni kisiwa kidogo na ni magofu matupu, hoteli hakuna na kulala hairuhusiwi. Wagiriki waliamini Apollo alizaliwa pale, kwa hiyo mwaka 426 KK Waathene wakahamisha makaburi yote na wakapiga marufuku mtu kuzaliwa au kufia pale. Utaona simba wa mawe walioletwa na watu wa Naxos, wale wa nje ni nakala, ziwa takatifu ambalo limebaki bonde lenye mtende katikati kwa sababu miaka ya 1920 lilikaushwa kuzuia malaria, na juu mlimani kuna hekalu la Isis, mungu wa Wamisri! Kwa sababu ilikuwa bandari ya biashara, watu wa kila dini walijenga pao. Unaingia kwenye nyumba za matajiri, visima vyao bado vina maji, sakafu za vijiwe vya rangi bado zipo.

Ila kitu kimoja muongozaji alikipitia kwa haraka na mimi sikuweza kukipita. Delos ilikuwa soko kubwa la watumwa. Strabo, mwandishi wa zamani zile, ameandika kwamba makumi ya maelfu waliweza kushushwa na kuuzwa kwa siku moja. Mtu aliyewahi kuingia Mkunazini Unguja, palipokuwa soko la watumwa, hawezi kusimama pale uwanjani akaangalia nguzo tu. Nilikaa kwenye jiwe nikawaza yale majumba yenye sakafu nzuri yalisafishwa na nani, maji ya kisimani aliyachota nani. Nilitamani wangeweka kibao kikubwa pale, wageni waelezwe vizuri, maana hiyo nayo ni historia ya pale sawa na ya miungu.

Santorini tulifika mwishoni kwa kuchelewa. Mandhari ni nzuri kweli, sibishi. Lakini kule kijiji cha Oia wakati wa jua kuzama huoni jua, unaona simu za watu, na bei ya chumba inakata pumzi. Kinachostahili pale ni Akrotiri, mji uliofunikwa na majivu ya volkano karne nyingi kabla ya hiyo Parthenon, nyumba za ghorofa na mifereji ya maji taka iliyopita chini ya barabara, na wameuezeka paa kwa hiyo unatembea kivulini.

Kisiwa cha Krete nilienda mara nyingine, na Knossos, magofu ya kasri la kale, imeniacha na mawazo mawili, sehemu kubwa ya kile unachokiona kimejengwa upya kwa saruji na Arthur Evans aliyeanza kuchimba 1900, vya kweli na vyenye uzuri wake viko makumbusho ya Heraklion, anzia huko.

Mwezi mzuri ni Mei au Septemba. Tiketi ya Delos kata ile siku unayofika Naxos, ukisubiri upepo unaweza kukunyima, na kati ya meli ya kurudi Piraeus na ndege yako acha usiku mzima wa kulala Athens.