Côte-Rôtie: mvinyo unaobebwa mgongoni

Chupa yangu ya kwanza ya Côte-Rôtie, mvinyo mwekundu wa Ufaransa, niliifungua vibaya, na karibu mwaka mzima nilikuwa nikiwaambia watu kwamba mvinyo huu ni jina tu. Leo sisemi hivyo tena. Naandika kwa sababu bei yake si ya kujaribia bahati: ukikosea kama nilivyokosea mimi, zaidi ya euro 50 zimekwenda na maji.

Nafanya kazi jikoni, katika mkahawa mmoja wa Lyon. Kwetu ni Amani, juu ya Muheza, katika milima ya Usambara Mashariki. Kwetu tunalima kwenye miteremko, na kwetu kuna pilipili manga. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyonifanya niuelewe mvinyo huu, kwa hiyo nitayarudia.

Ile chupa ya kwanza ilikuwa na miaka miwili tu tangu zabibu zake zichumwe. Niliinunua mchana wa Julai, nikaifungua jioni ileile chumba kikiwa bado kinafuka joto. Ulimi ulishikwa na ukakasi kama wa bibo bichi, mdomo ukakauka, kileo kikapanda puani. Nilionja mbao za pipa kuliko nilivyoonja zabibu. Iliyobaki niliipikia nyama kesho yake. Mhudumu wa mvinyo wa pale kazini, mtu mzima ambaye hasemi mengi, aliponisikia nikilalamika aliniambia jambo moja tu: nenda kwanza ukaone panapolimwa.

Nilikwenda Septemba, siku yangu ya mapumziko. Kutoka Lyon hadi Vienne kwa treni ni chini ya nusu saa. Nilipanda na baiskeli, nikavuka mto Rhône, nikafuata njia ya baiskeli ya ViaRhôna kuelekea Ampuis, kijiji kinacholima mvinyo huu. Ni mwendo mfupi, njia ni tambarare, mto uko mkono wa kushoto. Mkono wa kulia mlima unaanza ghafla, nyuma tu ya nyumba za kijiji, na umepandwa mizabibu kuanzia chini hadi kileleni.

Côte-Rôtie maana yake ni mteremko uliochomwa. Hapa mto unapinda kuelekea kusini-magharibi, kwa hiyo mlima unatazama kusini-mashariki na kupigwa na jua tangu linapochomoza. Mashamba yamekatwa kwa ngazi, na kila ngazi imezuiwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji. Ngazi nyingine ni nyembamba kiasi cha kubeba mistari miwili mitatu tu ya mizabibu. Kila mzabibu umefungwa kwenye miti mirefu iliyoegemezana juu kama nguzo za kibanda, maana upepo wa kaskazini unaoshuka bonde lile hauna huruma. Trekta haliingii. Palipo na nafasi, wanavuta jembe kwa kamba ya chuma na winchi. Pasipo na nafasi ni jembe la mkono. Zabibu zinachumwa kwa mkono, na kreti zinashushwa begani au mgongoni.

Nilisimama nikamtazama mwanamume mmoja akishuka na mzigo, mguu mmoja ukitafuta jiwe kabla ya mwingine kuondoka. Nilimwona baba yangu akishuka na gunia la iliki. Mvua kubwa ikinyesha, udongo unateremka, na watu wanaupandisha tena juu. Kazi hiyo naijua. Tangu siku ile sijawahi kusema tena kwamba bei ya mvinyo huu ni ya jina.

Wengi hapa huanza na hadithi ya bwana mmoja aitwaye Maugiron, aliyewagawia mabinti zake wawili mlima huu, mmoja mwenye nywele nyeusi na mmoja mwenye nywele za dhahabu, ndipo yakatoka majina Côte Brune na Côte Blonde. Ni hadithi tamu. Lakini kwenye glasi kinachosema ni ardhi. Upande wa Brune ni mwamba mweusi wenye matabaka na chuma ndani yake, na mvinyo wake ni mzito, mgumu ukiwa mchanga, wenye kuhitaji miaka. Upande wa Blonde udongo ni mwepesi na mweupe zaidi, na mvinyo wake hulainika mapema. Wakulima wengi huchanganya pande zote mbili.

Zabibu yenyewe ni syrah. Kwa muda mrefu watu walidai ilitoka Uajemi, kwa sababu jina lake linafanana na la mji wa Shiraz. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba wazazi wake wote wawili ni wa Ufaransa hukuhuku: dureza wa Ardèche na mondeuse blanche wa Savoie. Sheria ya Côte-Rôtie, ambayo ilipata hadhi yake rasmi mwaka 1940, inaruhusu kuongeza viognier, zabibu nyeupe, hadi asilimia 20, mradi zichachushwe pamoja na syrah tangu mwanzo. Wengi huweka kidogo sana au hawaweki kabisa. Nilidhani zabibu nyeupe itaupunguza rangi mvinyo mwekundu. Sivyo: rangi inashika vizuri zaidi, na harufu inakuwa ya maua.

Sasa harufu yenyewe. Nilipopata chupa iliyokomaa, ya miaka 11, kutoka kwa mkulima mdogo wa Ampuis, nilinusa kabla ya kunywa nikanyamaza. Pilipili manga. Si ile ya unga wa kopo, bali punje zilizoanikwa kwenye mkeka, jua la saa nne, uani kwetu. Nilidhani ni kumbukumbu zangu tu, hadi mhudumu wetu wa mvinyo aliponieleza kwamba kuna kitu kinaitwa rotundoni, ambacho watafiti wa Australia walikitambua mwaka 2008, na ndicho hichohicho kinachoipa pilipili manga harufu yake. Kimo kwenye maganda ya syrah. Kwa hiyo pua yangu haikunidanganya.

Baada ya pilipili yalikuja zambarau zilizoiva hadi kupasuka, kisha moshi mwepesi kama wa nyama iliyokaushwa juu ya jiko la kuni, kisha kitu cha maua. Ukakasi ulikuwapo, lakini umelainika kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Na haukuwa mzito. Hili ndilo watu wengi hawalitegemei: mvinyo wa mteremko uliochomwa na jua ni mwepesi mdomoni kuliko jina lake. Ladha inabaki muda mrefu baada ya kumeza, na pilipili ndiyo inayoondoka mwisho.

Kwa anayeanza, chupa ninayoipendekeza ni Brune et Blonde ya nyumba ya mvinyo ya Guigal, mchanganyiko wa pande zote mbili. Inakaa kwenye mapipa ya mwaloni karibu miaka mitatu kabla ya kuuzwa, kwa hiyo inafika mkononi mwako ikiwa imeanza kutulia. Nyumba hiyohiyo inatoa mivinyo mitatu ya mashamba mateule: La Mouline, La Landonne na La Turque, na bei ni zaidi ya euro 300 kwa chupa. La Mouline niliionja mara moja. Wageni walibakiza kidogo, ikaletwa jikoni, tukagawana watu watano, kila mmoja vidole viwili. Hariri, maua, na utamu usio wa sukari. Ni mvinyo wa ajabu kweli, na sitainunua, kwa sababu kwa fedha hizo napata chupa tano za wakulima ambao mikono yao ndiyo iliyojenga zile kuta, na furaha inakuwa mara tano.

Chaguo langu la kila mwezi, hata hivyo, si Côte-Rôtie. Wakulima wengi wa Ampuis wana mashamba nje kidogo ya mipaka, mengi yakiwa juu kwenye uwanda, na syrah ya huko wanaiuza kwa jina la Collines Rhodaniennes. Mimi nimekuwa nikilipa kati ya euro 15 na 22. Pilipili imo, zambarau zimo, kina kimepungua, na unaweza kuinywa mwaka huohuo unaoinunua. Mlimaji ni yuleyule, na pishi ni lilelile.

Kasoro zipo. Mapipa mapya yakitumika kupita kiasi, mvinyo unanuka vanila na mkate uliobanikwa, na mlima unapotea. Nimekutana na chupa kadhaa za namna hiyo, tena za bei kubwa. Nyingine niliyoinunua katika duka moja mjini ilikuwa imeharibiwa na kizibo: harufu ya karatasi ngumu iliyoloa, hakuna tunda kabisa. Nilipoirudisha, muuzaji alikataa kwa sababu nilikuwa nimeshaitupa risiti. Tunza risiti, na ukikuta harufu hiyo rudisha chupa ikiwa bado imejaa, pamoja na kizibo chake.

Kuhusu kuinywa: chini ya miaka mitano usiiguse, ikiwa unaweza kusubiri. Minane hadi kumi na miwili ndiko ninakoipenda. Mimi huiweka kwenye friji dakika 20, kisha huimimina kwenye jagi la kioo saa moja kabla ya chakula. Usiiandae na pilipili kali. Nilijaribu na mchuzi wa nazi wenye pilipili mbuzi kali, na ukakasi wote ukaamka. Mbuzi choma yenye chumvi, kitunguu saumu na pilipili manga iliyotwangwa wakati huohuo, hapo ndipo penyewe. Chupa mbili za upande wa Brune zimelala stoo chini ya jengo letu. Moja ni ya siku mdogo wangu atakapokuja kunitembelea, na pilipili manga nimemwambia aje nayo kutoka nyumbani.