e2fsck kwenye diski za EBS: chombo kizuri kinachosingiziwa

e2fsck ni programu ya Linux ya kukagua na kurekebisha mifumo ya faili kama ext4, na EBS ni diski za mtandaoni za Amazon. Ukaguzi wa usiku ukisema leo mfumo wa faili ni safi, kesho una hitilafu, keshokutwa safi tena, usikimbilie kuilaumu diski ya Amazon. Mara nyingi tatizo ni namna e2fsck ilivyoitwa.

Mkosaji mkuu ni `e2fsck -fn` (kukagua bila kuandika chochote) juu ya diski iliyopachikwa (mounted), yaani inayotumika. Programu inasoma huku ext4 ikiandika, basi hesabu za bloku na inodi (rekodi za kila faili) zitalinganaje? Mwongozo wake unasema wazi kwamba matokeo hayo si halali. Piga snapshoti (nakala ya diski ilivyo wakati huo), tengeneza diski mpya kutoka humo, iunganishe na seva nyingine bila kuipachika, halafu endesha `e2fsck -fp`, inayorekebisha yenyewe makosa madogo. Hapo `-n` haifai: snapshoti ya diski inayotumika ni kama mashine iliyokatiwa umeme ghafla, na `-n` hairudii daftari la mabadiliko (journal), kwa hiyo inaripoti makosa ambayo daftari lingeyamaliza lenyewe. Diski ya data igandishe kwanza kwa `fsfreeze -f`, uiachie kwa `-u` ombi la snapshoti likishapokelewa. Diski ya mfumo usiiguse kwa amri hiyo, utajifungia nje.

Skripti nyingi huita kila msimbo wa kumalizia (exit code) usio 0 kushindwa. Sivyo: 1 ni makosa yaliyorekebishwa, 4 ni yaliyobaki, 8 ni programu yenyewe kukwama. Ukiona 8 baada ya kuwasha seva upya, tazama majina ya diski. `/dev/nvme1n1` na `/dev/nvme2n1` huweza kubadilishana. Tumia njia za `/dev/disk/by-id`, zenye namba ya diski. UUID (kitambulisho cha mfumo wa faili) haitoshi kwenye seva ileile, maana diski iliyotoka kwenye snapshoti hubeba UUID ya mama yake.

Msimbo 124 si wa e2fsck, ni wa amri ya `timeout`, inayokatiza kazi muda ukiisha: diski mpya iliyotoka kwenye snapshoti huvuta bloku kutoka S3 (hifadhi ya Amazon) zinaposomwa mara ya kwanza, na ukaguzi hukokota. Ongeza muda.

Kasoro halisi ya e2fsck ni njaa ya RAM. Diski kubwa kwenye seva ya GiB 1 inaweza kuishia na msimbo 137, yaani kerneli imeiua programu kwa kukosa RAM. Weka `[scratch_files]` katika `e2fsck.conf` ili itumie faili za diski badala ya RAM, ingawa itakwenda polepole zaidi.

Pamoja na hayo naipendekeza. Wanaoikimbilia XFS (mfumo mwingine wa faili) kwa sababu ukaguzi wake “haufeli” wajue kwamba `fsck.xfs` kwa kawaida haikagui chochote, hurudisha 0 tu. Kazi yenyewe iko kwa `xfs_repair -n`.