Glaifoseti 480 kwa mitambaazi ya ukutani: ni nzuri, ila si ya mtu mwenye haraka

Nyumba za mawe za Bagamoyo huvumilia mtambaazi mpaka mizizi iingie kwenye chokaa. Baada ya hapo ukiuvuta ungali mbichi, unashuka na plasta. Kuukata kwa panga nako ni kuupogolea tu. Ule wenye maua ya rangi ya waridi unaopanda nyaya na uzio una viazi ardhini, na masika yakinyesha unarudi.

Kwa kazi hii, glaifoseti, dawa ya kuua magugu, ya gramu 480 kwa lita tunaipa nyota nne kati ya tano. Dawa hupita kwenye jani bichi ikashuka hadi mizizini, kwa hiyo usifyeke kwanza. Kipimo cha majani ya kawaida hakitoshi hapa: weka asilimia 2, yaani mililita 320 kwenye solo (pampu ya mgongoni ya kupulizia) ya lita 16, ukifuata maelekezo ya lebo. Pima kwa kikombe chenye alama. Kizibo cha chupa si kipimo.

Wengi huharibu kwenye maji. Ya kisima cha pwani yana chokaa nyingi inayoishika dawa, na yenye tope ni mabaya zaidi. Tumia ya mvua au ya bomba yaliyo safi. Pulizia asubuhi kabla upepo wa bahari haujaamka, siku ambayo mvua haitanyesha kwa saa 6 hivi. Mpapai na migomba iliyo karibu ikinge kwa turubai, maana dawa hii haichagui.

Shina lililozidi unene wa kidole gumba halihitaji solo. Likate sentimita 5 kutoka ardhini, kisha ndani ya dakika 5 lipake dawa isiyochanganywa maji kwa brashi ndogo ya rangi. Paka hasa ile duara mbichi iliyo chini tu ya ganda. Katikati ni mti mkavu, haipitishi kitu. Ukichelewa, utomvu hufunga njia. Vaa glavu na gambuti.

Nyota tuliyoinyima ni ya uvivu wake. Majani huanza kugeuka njano baada ya siku 7 hadi 14, na watu hurudia siku ya tatu wakidhani wameibiwa. Kinyume chake, majani yakiungua kesho yake, huenda umeuziwa dawa nyingine ya kuchoma juu tu. Ndiyo maana ile ya kumiminiwa kwenye chupa ya soda haifai hata kwa bei ya bure. Tafuta lebo yenye namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania.

Mabaki yaache yakauke kabisa, ndipo uyakwangue kwa brashi ngumu. Matundu ziba kwa chokaa na mchanga. Saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta wa matumbawe, na plasta ya pembeni huanza kubanduka.