TAHADHARI: Muuza safari za Chimborazo anayewawinda wageni Quito

Ndugu zangu wapanda milima, mmekuwa mkiniuliza picha za kileleni ziko wapi. Hazipo. Kuna tapeli katika mtaa wa La Mariscal, mjini Quito, Ekuador, anayeuza safari za kupanda Chimborazo, mlima wa barafu wa nchi hiyo, ilhali hana mwongozaji mwenye kibali wala vifaa, na ninawasihi msimpe hata senti moja.

Mtu huyu hakutuvamia njiani kama wapiga debe wa stendi. Tulimkuta ofisini, nyuma ya meza safi, ukutani ametundika ramani kubwa ya mlima. Shemeji alipotaja kwamba tumeshafika Uhuru, alisimama, akatupa mkono kwa heshima, akasema aliyepanda Kilimanjaro hana la kufundishwa. Akatueleza kwamba kilele cha Chimborazo, chenye mita 6,263, kiko mbali na kiini cha dunia kuliko hata kilele cha Everest, jambo ambalo ni kweli, kwa kuwa dunia imetuna kwenye ikweta. Kisha akaleta buti za barafu zenye tabaka mbili, mpya kabisa, akapiga goti mwenyewe kunifunga kamba huku akiniuliza kama vidole vinabanwa, na saizi zetu akaziandika daftarini. Akaonyesha kitambulisho cha mwongozaji chenye picha na muhuri, akakirudisha mfukoni kabla sijalimaliza jina. Nikamhesabia dola zote taslimu. Naye akazihesabu upya, akilowesha kidole kila baada ya noti chache, akatuandikia risiti.

Nani asingemwamini mtu anayekujaribishia viatu kwa magoti? Ofisi ilikuwa na mlango, mlango ulikuwa na bango, na bei yake, ingawa ilikuwa chini ya wengine, aliieleza vizuri: alidai kwamba vifaa ni vyake mwenyewe, hakodi kwa mtu.

Tulifika kibanda cha Carrel, kwenye mwinuko wa mita 4,800 hivi, jioni yenye upepo mkali. Wapandaji huondoka hapo usiku ili wapande na kushuka kabla jua halijalegeza mawe yaliyoshikwa na barafu, kwa maana mawe hayo yakianza kuporomoka hayachagui kichwa. Saa nne usiku tulifungua mabegi. Zile buti mpya hazikuwamo. Tulikuta buti kuukuu za saizi moja kwa wote, na miiba ya chuma ya kufunga chini ya buti ilikuwa imeungwa kwa waya. Kofia ngumu zilikuwa mbili, nasi wateja tulikuwa watano. Kamba ilikuwa moja. Na mwongozaji, wapenzi wasomaji, alikuwa dereva yuleyule aliyetuleta! Waongozaji wa makundi mengine walipoviona vifaa vile walimkabili kwa Kihispania cha kasi, na mmoja wao akatufahamisha kwamba pale kila mwongozaji hufunga kamba na wateja wawili tu. Dereva akasema anakwenda kuleta vifaa vingine garini. Tulisikia gari likiwashwa, likashuka, na chakula chetu kikiwa ndani.

Tuliporudi Quito ofisi ilikuwa imefungwa, na simu yake haipokelewi. Mtu wa namna hii hastahili kunyang'anywa leseni tu, kama anayo. Anastahili kifungo, kwa sababu aliuza roho za watu watano kwa noti alizozihesabu kwa kidole chenye mate. Shemeji anataka apandishwe mlima ule kwa buti zile zile, nami sina pingamizi.

Kwa anayejiandaa kwenda: vilele vya barafu vya Ekuador havipandwi bila mwongozaji aliyeidhinishwa, kwa hiyo kishike kitambulisho chake, ulisome jina, na umwone yeye mwenyewe kabla ya kulipa. Vifaa utakavyojaribu ondoka navyo siku hiyo hiyo. Anayekwambia kwamba huhitaji siku za kuzoea hewa wala mazoezi ya kutembea juu ya barafu kwa sababu ulifika Uhuru, muage hapo hapo, maana njia zetu za kawaida za Kilimanjaro hazina kamba wala shoka la barafu. Risiti yake ninayo, ina anwani na mwandiko wake. Mwenye safari ya Quito anitumie ujumbe nimwonyeshe.